Mkeka wa Mapalani Unangoja Jina

Hapo zamani, na msiniulize zamani ya lini, maana mtaanza kuhesabu umri wangu, palikuwa na kijiji kinaitwa Mapalani, kando ya mto Luhembe. Kaeni vizuri. Hadithi hii haina sungura wala jini, na mwisho wake sina mimi, mnao ninyi. Anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi, kwa sababu mwishoni nitamhitaji.

Watu wa Mapalani walikuwa na mali mbili. Ya kwanza ilikuwa msitu wa mikindu ulioota ukingoni mwa mto, umesongamana, mizizi imeshikana chini kwa chini. Msitu huo uliuzuia udongo usichukuliwe na maji, na huo huo uliwapa ukindu wa kusukia. Mali ya pili ilikuwa mkeka.

Mikeka mnaijua, mmeikalia hapa. Lakini mkeka ule haukuwa wa kulalia wala wa kuanikia mpunga. Mtoto akizaliwa Mapalani, siku ya arobaini yake alilazwa juu ya mkeka ule, watu wakauzunguka, ndipo akapewa jina. Kabla ya hapo aliitwa kichanga tu. Kila mtu wa Mapalani, hata wale wazee wenye kujikweza, aliwahi kulazwa pale akiwa uchi analia, na wengi waliulowesha, tusifichane.

Sasa sikilizeni namna ulivyosukwa, maana kisa chote kimeanzia hapo. Kila nyumba ilikuwa na ukili wake. Ukili ni ule msuko mwembamba mrefu, unaoshonwa na mwenzake ubavu kwa ubavu mpaka mkeka ukapatikana. Nyumba hii ilikuwa na msuko wake, nyumba ile na wa kwake, na mama alimfundisha binti yake peke yake, ndani, mlango umefungwa. Ukili ukichakaa, nyumba yake ilisuka mwingine, ukashonwa pale pale. Kuchungulia msuko wa nyumba ya watu ilikuwa aibu kuliko kuchungulia chungu chao. Ukili wa katikati, unaozishika pande zote mbili, ulikuwa wa nyumba ya kina Tabia. Waliuita njia ya siafu. Ulikuwa mweusi na mwekundu, na ukiutazama sana unauona unatembea.

Mwisho kabisa kulikuwa na upindo, ule mshono wa kuzunguka ukingo. Upindo ulishonwa kwa jina la mtu mmoja aliyeondoka Mapalani kabla watu hawajawa tayari kumwacha, na mkeka ukaitwa kwa jina lake mpaka upindo huo uchakae. Wakati huo uliitwa Mkeka wa Mwanahawa. Huyo Mwanahawa alikuwa nani? Hakuna aliyemwona. Wanasema alichukuliwa na mto kabla babu zao hawajaota meno. Lakini kila kichanga kilipolazwa, watu waliinama wakakiambia, "Umelala kwenye mkeka wa Mwanahawa, amka na jina lako." Basi mto ulimchukua Mwanahawa mwenyewe, lakini jina lake liliendelea kuitwa kila alipozaliwa mtoto. Mimi hilo napenda. 

Haya. Mwaka mmoja mto ukaja. Mapalani walizoea mto kuja. Unakuja, unalala mashambani, unaondoka umeacha tope zuri, watu wanapanda mlau, yaani mahindi na mpunga wa kwenye lile tope, na maisha yanaendelea. Mwaka ule haukuja kulala. Ulikuja asubuhi watu wakikoroga uji, umebeba miti mizima na mapaa ya nyumba za watu wa juu. Watu walikimbilia mlimani na kilichokuwa mkononi. Mmoja alifika juu na mwiko, anauangalia haelewi ameufuatia nini.

Kule juu ndipo wakaulizana, mkeka uko wapi? Huyu akasema, nilidhani umeuchukua wewe. Yule akasema, nami nilidhani wewe. Maana mkeka ulihamahama, kila mwezi ukiandama uliingia nyumba nyingine, kwa hiyo kila mtu alijua una mwenyewe na kila mtu alijua si yeye. Asubuhi ile ulikuwa kwa kina Tabia. Na Tabia, na mama yake, na watoto wa Tabia, nyumba nzima, hawakuwepo mlimani.

Maji yalipotoka, msitu wa mikindu ulikuwa umelala chini. Miti michache tu ilibaki imesimama kwenye kona ya mto. Waliokosekana walikuwa wengi, na hapo ndipo anapoingia mtu wa kwanza kati ya watu wangu watatu.

Huyu aliitwa Somoe. Mumewe aliitwa Mtulia, mtu mwenye kovu kidevuni na sauti nzito, aliyekuwa akiimba kwenye harusi kwa huzuni ile ile ya msibani mpaka maharusi wakamkataza. Mtulia alifika mlimani na mkewe. Kisha akasikia mbuzi wa jirani wanalia chini, akasema, "Nawafungua, narudi." Mbuzi walifika. Yeye hakufika.

Somoe akafuata mto kwenda chini kumtafuta. Alikwenda na fimbo, akichokoa kila rundo la takataka, na kila penye watu aliuliza, "Jamani, hamjamwona mtu mwenye kovu hapa?" huku anajigusa kidevu. Watu walitikisa kichwa. Akafika mahali penye mti uliovunjika, akaona kwenye panda ya mti kitu kimeviringishwa, kimefungwa kwa kanga. Aliitambua kanga kwanza. Ilikuwa ya Tabia. Mafundo yake yalikazwa vizuri, mafundo ya mtu asiyetaka kitu kifunguke.

Somoe alikaa kwenye tope akalia, kwa sababu alielewa. Aliyefunga vile alipata muda wa kufunga, na muda huo ndio aliouhitaji kukimbia.

Akaujitwisha mkeka, umelowa, mzito kama mtu, akaendelea kumtafuta mumewe. Akafika kwenye kijito kinachoingia mtoni. Ng'ambo kulikuwa na mwanamume, akamwita.

"Mama, unatafuta mtu? Tumewakusanya waliookotwa, wako huku kwenye kona. Wanazikwa mchana huu. Vuka upesi, maji yanapanda tena."

"Nitaweza kuvuka na mzigo huu?"

"Huo? Utakuzamisha. Uache hapo."

"Nikirudi nitaukuta?"

Mwanamume akatazama mbingu upande wa juu wa mto, nyeusi tii. "Mama yangu, sikudanganyi. Hutaukuta."

Somoe akasimama pale. Alisimama muda gani hajui mwenyewe, nami nitajuaje? Kisha akageuka, akarudi Mapalani na mkeka kichwani. Akausuuza kwa maji ya kisima, akauanika kivulini usipasuke kwa jua, maana ukindu wenye tope ukikauka juani unakuwa takataka. Maji yalipopungua akarudi kwenye kijito, akavuka. Wale watu walikuwa wamezikwa wote. Wanaume walikuwepo kati yao, aliambiwa. Mwenye kovu? Wazikaji walitazamana. "Tulikuwa na haraka, mama, na tope lilikuwa jingi." Mpaka leo Somoe hajui kama alimpa mgongo mumewe au aliyapa mgongo makaburi ya wageni.

Na mkeka wenyewe, ulipofunguliwa, ulikuwa umekatika vipande viwili. Tabia alikuwa ameukunja katikati kabla ya kuuviringisha, na pale pa kukunja ndipo maji yalipoukata. Njia ya siafu yote ilikuwa imeoza, na upindo umechanika ukaisha. Mwanahawa alikuwa amemaliza zamu yake.

Mtu wa pili aliitwa Kibwana. Mkulima, mbishi tangu tumboni, mama yake alisema alizaliwa kwa kubembelezwa. Watu walipoanza kujenga upya walihitaji nguzo, wakaiendea ile mikindu michache iliyobaki na mashoka. Wakamkuta Kibwana amesimama mbele yake na panga.

"Kibwana, pisha. Watoto wanalala nje."

"Watalala nje mwaka huu. Mkiikata hii, watalala mtoni kila mwaka. Kilichokuwa kinaushika ukingo huu ni nini? Fito za nyumba zenu?"

Walimtukana, wakaenda kukata nguzo mbali, kila safari wakimtukana upya. Kibwana hakuishia hapo. Mto ulikuwa umeacha tope zuri kuliko miaka yote, na shamba lake yeye, refu, lilifuata ukingo wote wa kijiji. Wenzake walipopanda mlau, Kibwana alichimbua machipukizi yanayoota ubavuni mwa mikindu, akayapanda shamba zima. Jirani yake akamuuliza kama atakula ukindu. Yeye akasema atakula ukifika wakati wa kula. Watu wakamwita Mume wa Mikindu, na mkewe Tausi wakamwita mke mwenza wa miti. Walicheka sana. Watu wenye chakula hucheka kirahisi.

Misimu ikapita. Wanawake walikwenda kumwomba majani machache tu, walau vipande viwili vya mkeka viunganishwe, kwa sababu vichanga vilikuwa vinazaliwa na kukua bila majina, kimoja kinaitwa Kiduchu, kingine kinaitwa Wewe. Kibwana aliwafukuza wote. Siku moja alimkuta Somoe ameshika jani changa la katikati, akamtoa mkono.

"Hili ni jani la moyo, shemeji. Ukilivuta sasa, mti umekufa. Nichukie, lakini urudi mikono mitupu."

Somoe alimchukia, na aliondoka mikono mitupu.

Nyumbani kwa Kibwana, asiyepanda chakula, njaa iliingia, na katika njaa hiyo Tausi akazaa mtoto wa kike. Majirani waliwapelekea chakula, ndiyo, lakini kwa mkono wa mtu anayempa aliyejitakia. Maziwa ya Tausi yalikuwa haba. Kichanga kikapata homa, na arobaini imepita siku chache tu, kikafa. Walikizika nyuma ya nyumba, bila jina, maana mkeka ulikuwa vipande viwili, na Mapalani hawakujua njia nyingine ya kumpa mtu jina. Kibwana akatoka kaburini akaenda moja kwa moja kumwagilia mikindu. Wapo waliosema hana moyo. Waliomwona kwa karibu wanasema alimwagilia mti mmoja tu, huo huo, mpaka ndoo ikaisha, na akaendelea kuinamisha ndoo tupu.

Mto ukaja tena. Ulifika kwenye mikindu ya Kibwana, ukapunguza kiburi, ukapita. Hakuna nyumba iliyoondoka. Maji yalipopungua Kibwana akaenda kwa wanawake, akasema, "Njooni mchume. Jani moja mvune, moja mliache." Kisha akarudi nyumbani akafunga mlango.

Basi ukindu ukavunwa, ukachemshwa, ukaanikwa, ukachanwa, ukatiwa rangi. Kila mwanamke akaingia ndani kwake akafunga mlango, akasuka ukili wa mama yake kuziba palipoharibika. Kila nyumba ilikumbuka wa kwake. Na njia ya siafu? Nyumba ya kina Tabia haikuwa na mtu wa kufunga mlango. Hapo Mapalani wakaona walichojifanyia. Kufungiana milango kote kule waliona wanalinda, kumbe walikuwa wanaiweka kila nyumba peke yake mbele ya mto. Wakajaribu kubuni. Mmoja akasuka kitu, wenzake wakasema hizo si siafu, hao ni kuku waliolewa.

Mtu wangu wa tatu ni Havijawa. Alikuwa jirani wa kina Tabia, mwanamke mpole, asiyesema mpaka aulizwe, na akiulizwa husema nusu. Siku moja alikwenda nyumbani kwa Bi Kidawa na kitu amekifunika kwa kanga. Bi Kidawa ndiye aliyekuwa mshona upindo, mwenye ulimi mkali na macho yaliyokuwa yamebaki kuona mwanga tu. Havijawa akaweka mapajani mwake ukili mrefu, umekunjwa duara.

Bi Kidawa akaupapasa. Vidole vyake vikaenda, vikasimama, vikaenda tena.

"Nani amefufuka?" akauliza.

"Hakuna aliyefufuka, bibi. Ni mimi, Havijawa."

"Umejifunza wapi mlango wa watu?"

Havijawa akaanza kulia, akaeleza. Walipokuwa wasichana, Tabia alichukia kusuka. Mama yake akimfungia ndani, Tabia alikuwa akimwingiza Havijawa kwa dirisha la nyuma. "Yeye ananielekeza, mimi nasuka, naye ananisimulia uongo wa kunichekesha. Hata ule wa mwisho, uliooza mtoni, bibi, ulikuwa wa mkono wangu. Tabia hakuwahi kumaliza ukili maishani mwake."

"Na miaka yote hii wanawake wanahangaika, ulinyamaza?"

"Ningesema najua, mngeuliza nimejuaje. Ningemwaibisha, naye hayupo kujitetea. Nilisema, ngoja labda watakumbuka wenyewe."

Bi Kidawa aliupapasa ukili tena. Kisha, wanasema, alicheka mpaka akakohoa. "Tabia! Na mama yake alivyokuwa anajisifia msuko wa bintiye!" Akajifuta macho kwa kanga, na machozi yenyewe hayakuwa ya kicheko tu.

Mkeka ukashonwa. Pande mbili zikakutana kwenye njia ya siafu. Ikabaki upindo. Mapalani wote wakakusanyika uwanjani, vichanga vyote mbele, vingine vikubwa vinatembea, vimechoka kuitwa Wewe. Bi Kidawa akaketi katikati, akatia uzi wa ukindu kwenye shazia, ile sindano nene ya mikeka, akasema:

"Kawaida ni hii. Aliyeurudisha mkeka ndiye anayetaja jina la upindo. Jina ni moja. Haya, nani ameurudisha?"

Wakasimama watatu.

Somoe akasema, "Ni mimi. Mkeka usingekuwepo, mngesuka nini katikati ya nini? Niliambiwa mume wangu huenda yuko ng'ambo, nikageuza mgongo kwa ajili ya huu. Mtulia hana kaburi. Wote mna mahali pa kwenda mkalie, mimi sina. Nipeni ukingo wa mkeka niushike, niseme yuko hapa."

Bi Kidawa akamuuliza, "Kwa nini uligeuka, mwanangu? Hakuna aliyekutuma."

"Kwa sababu alilazwa juu yake akapewa jina. Nilipoubeba niliona kama nimempata kidogo."

Kibwana akasema, "Ni mimi. Mkeka uliookolewa ulikuwa vipande viwili vya kuoza. Ukindu uliouponya ni wangu, na ukingo uliowaacha mkae hapa leo mnanisikiliza ni wangu. Mlivuna mlau, mimi nilizika. Mwanangu ana kaburi lakini hana jina. Hata nikienda kumzuru sijui niseme nini nikifika. Nataka apewe jina leo, na mkeka uitwe wake."

Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Lakini uliwanyima wanawake majani, wewe." Kibwana akajibu bila kugeuka, "Niliwanyima. Ningewapa, leo mngechuma wapi?"

Havijawa akasema, na siku ile alisema yote, "Bibi, mimi sina haki, niliingia kwa dirisha. Lakini bila njia ya siafu mkeka huu ni vipande viwili mpaka kesho. Na mafundo yale aliyafunga nani? Tabia angeweza kukimbia. Somoe anamkumbuka Mtulia. Kibwana na Tausi wanamkumbuka mtoto wao. Nyumba ya Tabia haikubaki na mtu. Nikifa mimi, hakuna atakayemtaja, labda kwa kumcheka kwamba hakujua kusuka."

Mtu akasema basi Tabia tayari yumo, msuko wake uko katikati pale. Havijawa akatikisa kichwa. "Ule ni mkono wangu. Wake ni mafundo, na mafundo tumeyafungua."

Najua mnachowaza. Wewe uliyekaa karibu na mlango, unataka kusema majina yote matatu yashonwe. Hata Mapalani walisema hivyo. Bi Kidawa akawaambia, "Mkeka uliotangulia huu wa Mwanahawa ulishonwa kwa majina ya watu wengi, ili asinung'unike mtu. Nitajieni mmoja." Hakuna aliyejua hata mmoja. Midomo ya watu ilichoka, jina moja likaangushwa, halafu jingine, mpaka wakawa wanasema mkeka tu. Kwa hiyo hapana. Jina ni moja, ndipo lifike kwa wajukuu.

 Ndipo Tausi akasimama, mke wa Kibwana, ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu.

"Mume wangu amesema kwa ajili yangu, na sikumtuma," akasema, wala hakuwa na hasira. "Mimi nilimbeba. Mwanangu hakuwahi kuitwa, kwa hiyo kule aliko hasikilizi kuitwa. Lakini Mtulia alizoea kuitwa, na kuitika kwake tulikuwa tunakusikia kijiji kizima. Mtu wa namna hiyo ndiye anayengoja. Mpeni Somoe."

Kibwana akamtazama mkewe, uso ukamvunjika, na mbele ya Mapalani yote mbishi yule akalia kama hao watoto waliokuwa mbele yake.

Somoe akaja akawashika wote wawili. Mkono ule aliotolewa kwenye jani ndio aliomshika nao Kibwana. "Hapana, mdogo wangu," akamwambia Tausi. "Mtulia nitamwita mimi kila asubuhi, nimeshazoea, hata chai namimina vikombe viwili nikikosea. Lakini mtoto huyu ni nani aliyewahi kumwita, hata mara moja? Mpeni yeye."

Havijawa alikuwa ameinama juu ya mkeka, anapapasa siafu zake. Akasema polepole, "Hata mimi sasa hivi nilitaka kusema apewe mtoto. Sasa nimegusa hapa, nimeshindwa. Nisameheni. Nimesikia kama ananisimulia uongo wake."

Hakuna aliyemlaumu. Tausi akaenda akaketi karibu yake, na yeye akaupapasa ule msuko, na ndipo Kibwana, bado analia, akasema, "Tabia alikuwa wa kwanza kutuletea unga, kabla ya mafuriko, wakati Tausi ana mimba yetu ile ya kwanza." Na Somoe akasema, "Na mimi ndiye niliyeifungua ile kanga."

Kwa hiyo mnaona. Walianza kila mtu akivutia kwake, sasa kila mtu anasukumia kwa mwenzake, na majina yamebaki matatu yale yale, na upindo ni mmoja. Kichanga cha mbele kimeanza kulia. Bi Kidawa ameinua shazia, uzi umo, macho yake meupe yanatazama upande ambao hakuna mtu. "Semeni," anasema. "Mkono wangu hauoni, unangoja masikio."

Mimi naishia hapo. Nimeisimulia mara nyingi, na kila mara natumaini nikifika hapa nitajua, sijui. Mtulia mwenye jina na asiye na kaburi, aliyeachwa ng'ambo ili mkeka urudi. Mtoto mwenye kaburi na asiye na jina, ambaye mikindu ilinywa maziwa yake. Tabia asiye na kaburi wala ndugu, aliyekaza mafundo wakati maji yanaingia mlangoni. Chukueni shazia, watoto wanangoja majina yao. Na wewe utakayetaja mmoja, kwanza wageukie wale wengine wawili uwatazame usoni, ndipo utuambie.

Je, nani alistahili?